Sura ya Sita: Mwalimu Aliyeachia Swali Lake

Mwaka 1959 jarida la Uingereza, Journal of Physiology, lilichapisha makala yaliyoibadili kabisa elimu ya kuona. Juu yake pana majina mawili tu: D. H. Hubel na T. N. Wiesel. Kazi yenyewe ilifanyika Baltimore, Marekani, ndani ya maabara ya Stephen Kuffler, kwa kifaa ambacho Kuffler alikibuni pamoja na mwenzake Samuel Talbot, juu ya swali ambalo Kuffler mwenyewe alikuwa amelifungua miaka sita nyuma. Jina lake halimo miongoni mwa waandishi. Mtu aliyezoea maabara za siku hizi akiona hivyo atadhani mpiga chapa aliruka mstari.

Hakuna mstari uliorukwa. Kuffler hakuweka jina lake kwenye makala ambayo majaribio yake hakuyafanya kwa mikono yake. Kuwapa vijana chumba, kusikiliza matatizo yao saa za chakula, kusoma rasimu zao mpaka pembezoni mwa karatasi pakajaa wino, hayo yote aliyahesabu kuwa kazi yake ya kila siku, naye hakuyadai malipo.

Na kusoma alisoma kweli. Hubel na Wiesel walipomkabidhi rasimu ya kwanza ya makala hayo, waliipokea ikiwa imechambuliwa bila huruma: hapa hamueleweki, hapa mnarudia, hapa mnadai kuliko mlichokiona. Wakaandika upya. Wakarudishiwa tena. Wakaandika tena, mara nyingi. Wiesel alikuwa Mswidi, na Kuffler mwenyewe alikuwa Mhungari aliyesomea udaktari kwa Kijerumani, Kiingereza akakijua ukubwani. Huenda ndiyo sababu hakuvumilia sentensi ya kujipamba. Anayesoma makala hayo leo, hata kama si mtaalamu, anashangaa jinsi yanavyosomeka kirahisi. Ile ni kazi ya mwalimu, na haimo katika hesabu yoyote ya idadi ya machapisho.

Inafaa tumjue mtu huyu, maana Hubel na Wiesel wameandikwa sana na yeye kidogo.

Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Táp, Hungaria, akahitimu udaktari Vienna mwaka 1937. Mwaka uliofuata Wanazi waliingia Austria, naye akaondoka, akapitia London na kuishia Sydney, Australia, bila kazi ya kueleweka. Huko alikuwako John Eccles, mtafiti wa neva ambaye baadaye angepata Tuzo ya Nobel, aliyehitaji mtu wa kucheza naye tenisi. Kuffler alikuwa hodari wa tenisi. Kwa njia hiyo, ya raketi, akaingia katika utafiti ambao hakuwahi kuusomea. Muda si mrefu akaja mkimbizi mwingine, Bernard Katz, na hao watatu wakawa wanafanya kazi pamoja katika taasisi ndogo ya Kanematsu, hospitalini Sydney, wakati dunia inaungua. Nadhani mtu aliyeingia kwenye sayansi kwa mlango kama huo hawezi baadaye kuwa mkali sana wa vyeti vya wanaobisha hodi kwake.

Baada ya vita alihamia Marekani, na mwaka 1947 akapata nafasi Taasisi ya Wilmer, hospitali ya macho ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Yeye alikuwa mtu wa misuli na neva za chura na kamba. Jicho halikuwa lake. Lakini aliona haya kula mkate wa hospitali ya macho bila kuligusa jicho. Akaligusa, na mwaka 1953 akachapisha jambo ambalo bado linafundishwa katika somo la kwanza la kozi yoyote ya kuona.

Alichokifanya ni kusikiliza seli moja moja za retina ya paka aliyelazwa kwa dawa, huku akielekeza nukta ndogo ya mwanga sehemu mbalimbali za ndani ya jicho. Kila seli ilikuwa na kieneo chake. Mwanga ukianguka katikati ya kieneo hicho, seli inafyatua ishara kwa kasi. Ukianguka pembeni yake, inanyamaza. Nyingine zilifanya kinyume. Ajabu ilikuwa hii: ukimulika kieneo chote kwa pamoja, katikati na pembeni, seli karibu haijali. Maana yake jicho halipelekei ubongo taarifa ya wingi wa mwanga. Linapeleka tofauti kati ya hapa na kando yake. Kipande cha mkaa kilicho juani kinarudisha mwanga mwingi kuliko karatasi iliyo kivulini, lakini hakuna anayeuona mkaa kuwa mweupe na karatasi kuwa nyeusi. Ulinganishaji unaanza ndani ya jicho lenyewe, kabla habari haijafika kichwani.

Mtu mwingine angeigeuza kazi hiyo kuwa shamba lake la urithi. Swali lililofuata lilikuwa wazi kwa kila mtu: ikiwa retina inafanya hivi, gamba la ubongo, kule nyuma ya kichwa ambako habari za macho hufikia, linafanya nini? Kuffler alikuwa na kifaa, jina na miaka ya kutosha kulifuata. Hakulifuata. Alilikabidhi kwa vijana wawili, akarudi kwenye kamba na chura wake.

Wiesel alifika Wilmer mwaka 1955 kutoka Sweden, ambako alikulia ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo baba yake alikuwa mkuu wake. Hubel, aliyelelewa Montreal, alikuja mwaka 1958, na kwa kweli hakuja kwa Kuffler. Alikuwa aende kwa Vernon Mountcastle, bingwa wa neva za mguso palepale Johns Hopkins, ila maabara ya Mountcastle ilikuwa katika ukarabati. Kuffler akawaalika Hubel na Wiesel chakula cha mchana mkahawani, akapendekeza kwamba kwa miezi hiyo ya kungoja wafanye kazi pamoja. Walifanya kwa zaidi ya miaka 20.

Hubel alikuja na kitu mfukoni. Alipokuwa jeshini, katika taasisi ya utafiti ya Walter Reed, alikuwa amejifunza kutumia mashine ya kukereza vyuma na kutengeneza elektrodi zake mwenyewe: waya wa tangsteni unaochongwa ncha kwa umeme ndani ya kimiminika, kisha ukapakwa vanishi isipokuwa ile ncha. Ni nyembamba mno, na inaweza kusimama kando ya seli moja ya ubongo ikaisikiliza kwa saa kadhaa bila kuiua. Elektrodi hiyo aliichapisha mwaka 1957. Wanasayansi wengi wa fani nyingine hawaamini ninapowaambia kwamba nusu ya historia ya kuona imetegemea vanishi nzuri.

Siku ya maabara hiyo ilikwenda hivi. Asubuhi paka analazwa kwa dawa na kufanyiwa upasuaji. Mchana elektrodi inaingizwa, polepole mno, kwa kifaa cha kusukuma kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele. Elektrodi imeunganishwa na spika, kwa hiyo seli inasikika chumbani: tak, tak-tak. Mmoja anashughulika na mwanga, mwingine anasikiliza na kuchora. Kila mahali mwanga unapoiamsha seli anaweka alama ya msalaba kwenye karatasi, unapoinyamazisha anaweka pembetatu. Seli ikichoka kutoa siri, elektrodi inasogezwa, wanaanza nyingine. Chakula kinaliwa kwa zamu. Usiku unaingia na hakuna wa kuondoka, maana mnyama yuko mezani na haiwezekani kumwambia asubiri kesho. Hubel amesimulia kwamba walijua muda wa kufunga umefika Wiesel alipoanza kumsemesha Kiswidi, na kwa kawaida hiyo ilikuwa saa tisa usiku. Baada ya siku chache kunafuata kazi ya kukata ubongo vipande vyembamba, kuvipaka rangi na kutafuta chini ya hadubini njia ambayo elektrodi ilipita. Hubel na mkewe Ruth walikuwa na wana watatu, na saa hizo za usiku palikuwa na mtu nyumbani wa kuwalaza. Maisha ya maabara yana gharama ambazo haziandikwi katika sehemu ya mbinu za utafiti.

Seli zao walizipa namba. Mountcastle wakati huo alikuwa na mamia ya seli katika daftari zake, nao wakaona aibu kuanza na moja. Wakaanzia 3000.

Mwanzoni seli za gamba la ubongo hazikuwajibu. Walitumia kile kifaa cha Kuffler na Talbot, kilichotengenezwa kwa ajili ya retina, na walimulika nukta: nukta ya mwanga, na nukta nyeusi iliyobandikwa kwenye kipande cha kioo. Kwa saa tatu au nne seli moja haikutoa chochote cha maana. Ndipo walipokuwa wakiingiza kile kioo mahali pake seli ikalipuka mfululizo kama bunduki ya rashasha. Wakaondoa kioo, wakarudisha, wakageuza. Ilichukua muda kuelewa kwamba nukta nyeusi haikuhusika hata kidogo. Ukingo wa kioo ulikuwa ukitupa kivuli chembamba, mstari ulionyooka, na seli ilikuwa ikijibu mstari huo ukipita kwa mwelekeo mmoja tu. Mstari ukiinamia upande mwingine, kimya.

Hadithi hii husimuliwa vyuoni kama mfano wa bahati. Mimi naiona tofauti. Bahati ilikuwa sekunde moja. Kilichofuata ni saa nyingi za watu wawili kukataa kuiacha seli ile, na kabla ya hapo kulikuwa na mtu aliyeruhusu vijana wake wapoteze saa nne juu ya seli isiyojibu, bila kuja mlangoni kuuliza matokeo yako wapi. Msimamizi anayedai takwimu kila Ijumaa angeipata ile nukta nyeusi ikiwa imeandikwa vizuri kwenye jedwali: hakuna jibu. Mstari asingeupata.

Baadaye waliachana na kile kifaa. Kwa kuwa paka alikuwa akitazama juu, na dari ya chumba hicho cha chini ya jengo ilikuwa na mabomba na utando wa buibui, walifunga mashuka kati ya mabomba wapate pa kumulika mistari yao. Chumba kikawa kama hema la sarakasi. Siku moja Mountcastle aliingia, akatishika kwa alichokiona.

Kuffler hakutishika. Hapo ndipo ninapoona siri ya malezi yake. Yeye mwenyewe alikuwa chumba cha pili au cha tatu, ameinama juu ya hadubini, akihangaika na elektrodi zake zinazovunjika. Kijana akikwama hakumfuata bosi ofisini kwa miadi. Alimkuta mtu aliyekwama vilevile. Mafundi seremala wa Lamu hawamlei mwanagenzi kwa hotuba: anakaa karibu, anaona mkono wa fundi unapotulia na unapokazana, na siku moja anaachiwa mlango mzima auchonge peke yake. Kwa Kuffler ilikuwa hivyo. Tena wote walimwita Steve. Kwetu mwanafunzi wa uzamivu akimwita msimamizi wake kwa jina la utotoni korido nzima itageuka, na sisemi tuige hilo. Mtu anaweza kuitwa Profesa mchana kutwa na bado akakaa mezani na wanafunzi wake akachafua mikono.

Mwaka 1959 Harvard ilimwita, naye akakubali kwa sharti ambalo vyuo havikulizoea: aje na wenzake. Zikahama familia tisa, wake na watoto, kutoka Baltimore kwenda Boston. Aliyewavuta ni Otto Krayer, mkuu wa idara ya famakolojia, na huyu naye anastahili sentensi mbili. Mwaka 1933, akiwa kijana Ujerumani, alipewa kiti cha uprofesa Düsseldorf ambacho mwenyewe, Philipp Ellinger, alikuwa ameondolewa kwa kuwa ni Myahudi. Krayer, ambaye hakuwa Myahudi, aliandika kwa wizara kukikataa, na akafungiwa vyuo vyote vya Ujerumani, naye akawa mkimbizi. Wakimbizi wanatambuana.

Miaka michache baadaye, mwaka 1966, kikundi hicho kikawa Idara ya Neurobaiolojia, chini ya Kuffler. Kabla ya hapo mtu wa umeme wa neva alikaa idara ya fiziolojia, mtu wa kemikali zake akakaa biokemia, na mtu wa umbo la ubongo akakaa anatomia, na hawakuwa na sababu ya kuonana. Kuffler aliwaweka kwenye korido moja. Edwin Furshpan na David Potter walitoka London, ambako walikuwa wameonyesha kwamba baadhi ya neva za kamba wa maji baridi hupitishiana umeme moja kwa moja. Edward Kravitz alikuwa mkemia. Kila mmoja alikuwa na maabara yake na maswali yake. Mchana walikula pamoja, na mara nyingi kulikuwa na mgeni au mwanafunzi aliyesimama kueleza kazi yake huku wengine wanatafuna. Vichekesho vya Kuffler vya kuchezea maneno vilikuwa vibaya kiasi cha kusifika. Sidhani vilikuwa pambo tu. Mkubwa anayethubutu kusema mzaha mbovu mbele ya kila mtu amempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ruhusa ya kuuliza swali la kijinga.

Wakati huo Hubel na Wiesel walikuwa wamegeukia watoto wa paka. Wote wawili walikuwa madaktari, na walijua fumbo la hospitalini: mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho, akifanyiwa upasuaji akiwa amekwisha kuwa mkubwa, jicho linakuwa safi kabisa lakini haoni vizuri. Walishona ukope wa jicho moja la paka mchanga, wakaufungua baada ya miezi. Retina ilikuwa nzima. Katika gamba la ubongo, karibu seli zote zilijibu jicho lile lililobaki wazi tu, na lile lililofungwa lilikuwa limepoteza nafasi. Wakafanya hivyo kwa paka mkubwa, na hakuna kilichobadilika. Makala ya kwanza ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1963, na kufikia 1970 walikuwa wameonyesha kwamba kwa paka hatari hiyo ipo zaidi kati ya wiki ya nne na mwezi wa tatu hivi. Wapo waliowalaumu kwa ajili ya wanyama wale, na lawama hizo si za kupuuzwa. Leo hakuna chuo makini kinachoruhusu jaribio la namna hiyo bila kamati kulipitia. Lakini kutokana nayo madaktari waliacha kungoja. Mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho sasa hufanyiwa upasuaji mapema iwezekanavyo.

Kwa mapema ninamaanisha wiki, na kwetu wiki ni ngumu. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2005, kwa watoto waliopelekwa hospitali ya KCMC Moshi, ulikuta familia nyingi zikichelewa kupita kiasi, na umbali wa nyumbani pamoja na elimu ndogo ya mama vilihusika. Daktari wa upasuaji pale Moshi, au hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, anaweza kulisafisha jicho. Ubongo ukishapitwa na wakati wake, hana kisu cha kuurudisha nyuma. Kilichogunduliwa Boston kinafanya kazi Moshi kwa kiasi ambacho mhudumu wa afya kijijini anajua kumulika jicho la mtoto anapokuja chanjo.

Rudi maabarani. Hubel na Wiesel nao wakawa walimu, na waliwafundisha wachache. Mmoja wao ni Carla Shatz. Alimaliza uzamivu mwaka 1976, mwanamke wa kwanza kupata shahada hiyo katika neurobaiolojia Harvard, na hilo linaonyesha pia kwamba idara ile changamfu ilikuwa ya wanaume kwa muda mrefu mno. Swali la walimu wake lilikuwa: nini kinatokea jicho likinyimwa mwanga? Shatz akaenda nalo nyuma zaidi, kabla macho hayajafunguka kabisa, na mwaka 1991 yeye na wenzake walionyesha kwamba retina ya mnyama mchanga ambaye bado haoni hupitiwa na mawimbi ya ishara, seli jirani zikifyatua kwa pamoja, kana kwamba jicho linajaribu njia kabla ya safari. Mwaka 2000 alirudi Harvard kuiongoza idara ileile.

Malezi hayakuishia kwa waliokwisha ingia mlangoni. Martin Luther King alipouawa Aprili 1968, Kravitz, Furshpan na Potter walikuwa miongoni mwa walimu walioishinikiza shule ya udaktari ya Harvard kuanza kupokea wanafunzi Weusi kwa idadi ya maana, badala ya mmoja mmoja wa kuhesabika. Azimio lilipita, nao hawakuishia kwenye azimio: Furshpan na Potter walitumia miaka mingi kuwatafuta na kuwasomesha wanafunzi hao. Ni rahisi kusaini waraka. Kukaa na kijana aliyetoka shule isiyo na maabara na kumpitisha katika umeme wa neva mpaka auelewe huchukua jioni nyingi, na jioni hizo mtafiti anazitoa kwenye utafiti wake mwenyewe.

Kuffler alifariki Woods Hole mwaka 1980. Mwaka 1981 Hubel na Wiesel walipewa Nobel, wakigawana na Roger Sperry. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Wengi wa waliokuwa karibu waliamini kwamba angekuwa hai angekuwamo, nami naamini hivyo. Miaka yake ya mwisho alikuwa bado kwenye kiti cha majaribio, pamoja na vijana wawili, Yuh Nung Jan na Lily Jan, wakichunguza kemikali inayopitisha ishara polepole katika neva za chura. Makala yao ya mwaka 1979 yana jina lake, la mwisho katika orodha. Alikuwa amepita umri wa miaka 60, na majaribio aliyafanya.

Hubel aliishi mpaka 2013, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyolalamika zaidi. Mwaka 1967 alikuwa amekubali kuwa mkuu wa idara ya fiziolojia, na baada ya miezi michache akaacha, kwa sababu kazi ilikuwa mikutano. Mwaka 2009 aliandika katika jarida la Neuron kwamba sayansi ya tiba imebadilika: kiongozi wa maabara siku hizi ana watu kumi na zaidi chini yake, anashinda akiandika maombi ya fedha, na kifaa hajakigusa kwa miaka. Ni malalamiko ya mzee, na yana upungufu wake. Maswali mengi ya leo hayawezi kujibiwa na watu wawili na shuka. Anayerekodi maelfu ya seli kwa wakati mmoja anahitaji mwanahisabati, mhandisi, mtu wa kuandika programu, na fedha ambazo hazipatikani bila mtu kukaa kuandika maombi. Hata hivyo kuhusu malezi nadhani Hubel alikuwa na haki. Msimamizi mwenye vijana 20 hawezi kusoma rasimu ya kila mmoja kama Kuffler alivyosoma ile ya kwanza. Anaweza kuipitisha. Na kwa kuwa fedha zote zimekuja kwa jina lake, kijana anapoondoka swali linabaki nyuma.

Afrika Mashariki ina namna yake ya ugumu huu. Vyuo vyetu hupandisha watu vyeo kwa kuhesabu machapisho, na jina la msimamizi juu ya makala ya mwanafunzi limekuwa desturi ambayo hakuna anayeihoji. Kwa hesabu hiyo Kuffler angechelewa kuwa mhadhiri mwandamizi. Upande wa pili, ufinyu wa fedha umezaa jambo ambalo Hubel angelipenda. Mwaka 2011 kozi ya kwanza ya shirika la TReND in Africa ilifanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, ikianzishwa na Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf. Walifundisha sayansi ya neva kwa kutumia inzi wa matunda, ambaye ni rahisi kumfuga. Baden, ambaye fani yake hasa ni retina, baadaye alikuwa miongoni mwa walioeneza michoro ya vifaa vya maabara ambavyo mtu anaweza kujichapia kwa printa ya pande tatu na kujifungia waya mwenyewe, kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Mhadhiri aliyekiunda kifaa chake anajua kinapodanganya. Na akikiunda pamoja na wanafunzi wake, nao watajua.

Kijana anayetafuta maabara ya kusomea, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Boston, kwa kawaida huangalia sifa za bosi na ukubwa wa fedha zake. Ningemshauri asimuulize bosi chochote. Amtafute mtu aliyemaliza hapo miaka mitatu iliyopita, amuulize rasimu zilirudi baada ya muda gani, na zilirudi zikiwa na nini. Amuulize mara ya mwisho bosi alionekana lini akiwa ameshika kifaa. Kisha amuulize swali ambalo watu huona haya kuliuliza: ulipoondoka, uliruhusiwa kuondoka na utafiti wako, au uliambiwa uuache? Mtu wa namna hiyo hupokea simu jioni, baada ya kazi, na huongea kwa kirefu kuliko ulivyotarajia.